Wanaofia Njiani Hawana Daktari

Kwa miaka sita sikupoteza mgonjwa hata mmoja. Yeyote anayeujua udaktari akisikia hivyo atajua papo hapo kwamba mimi ama ni mwongo ama ni mwoga. Uongo sikusema.

Beji ya kifuani pangu ilisomeka 912. Asubuhi ile ya Jumanne niliifuta kwa mkono wa koti nikipita kwenye korido ya hospitali yetu pale Njombe. Haikuwa na vumbi. Wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi walikuwa wakiitazama, na mimi nilipenda waitazame. Zamani mtu alimchagua daktari kwa kuulizana na majirani. Siku hizi Mizani ndiyo inayomchagulia. Haina uso wala mikono. Ni mashine iliyomo ndani ya kuta za kila hospitali nchini. Inasikia, inaona, inapima mapigo ya moyo wako ungali mlangoni, kisha inampa kila daktari namba yake ya Hadhi. Mgonjwa akipona, daktari anapanda nukta mbili. Akifa mikononi mwake, anashuka sitini. Akifika chini ya mia sita hashiki tena kisu, na kila familia aliyowahi kuihudumia inapata ujumbe siku hiyohiyo, pamoja na orodha ya mawakili walio karibu.

Sasa niambie, kwa utaratibu huo, ni mpumbavu gani atampasua mtu anayeweza kufa.

"Daktari, tuna ajali," alisema Sista Lwivala.

Huyo ndiye muuguzi mkuu wa thieta, mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye sauti isiyopanda wala kushuka. Hospitali nzima ni yeye tu aliyekuwa hajawahi kuitazama beji yangu. Alikuwa akinitazama usoni, tabia ambayo sikuipenda.

Mgonjwa alikuwa Mwalimu Vumilia Kaduma, mwanamke wa miaka thelathini na minne, anafundisha kemia sekondari. Alikuwa juu ya ngazi akichuma parachichi shambani kwake, ngazi ikateleza, akaangukia ubavu wa kushoto. Bandama imepasuka, damu inajaa tumboni. Ukutani juu ya kitanda, Mizani ilikuwa imeshaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kijani: *Akipasuliwa sasa, 41 kwa mia. Asipopasuliwa, 0.*

"Thieta ni tupu, vyombo vimechemshwa, damu yake ipo," alisema Sista. "Nianze kumwandaa?"

Mimi niliona arobaini na moja. Katika hesabu yangu maana yake ilikuwa hamsini na tisa.

"Apewe safari," nikasema.

Sista alinitazama usoni, halafu akaenda kumwita dereva.

Sheria ya Hadhi ina kurasa mia tatu, na waheshimiwa walioipitisha hawakusoma hata moja. Wangesoma wangegundua kwamba imetaja hospitali, zahanati, kliniki na hata duka la dawa, lakini barabara haikuitaja. Kati ya hospitali yetu na ile ya ng'ambo ya bonde, anakofanya kazi rafiki yangu Dkt. Haule, ni mwendo wa dakika arobaini kwa gari. Anayefia humo hana daktari. Kwenye takwimu anahesabiwa pamoja na walioanguka na bodaboda. Kwa hiyo mimi nilikuwa nikimpelekea Haule wagonjwa wangu wa aina hiyo, naye akiniletea wa kwake, na wengi, Mungu awarehemu, walikuwa waungwana, walifia katikati. Hatukuwahi kuandikiana chochote. Krismasi tulipelekeana mbuzi.

Mwalimu Vumilia alikuwa bado na fahamu. Walipokuwa wakimsukuma kuelekea nje alinishika mkono, mkono wake baridi na wenye jasho.

"Daktari, mnanipeleka wapi?"

"Kwenye huduma bora zaidi, mwalimu. Usiwe na wasiwasi."

Beji yangu ikalia kidogo. 913. Mizani ilikuwa imenipa nukta moja kwa lugha nzuri kwa mgonjwa.

*

Kabla ya saa moja na nusu kupita niliona gari la wagonjwa limerudi. Halikuingia. Lilisimama hatua tatu nje ya geti, kabla ya ule mstari wa njano uliopakwa chini kuonyesha mahali Mizani inapoanza kusikia. Nilitoka kwenda kuuliza kuna nini. Nilipouvuka mstari beji ilizimika.

Mzee Ngailo, dereva, alikuwa ameshashuka. Ni mtu mfupi, mnene, mpole kupita kiasi. Siku ile uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Dkt. Haule amekataa, daktari," alisema. "Mizani ya kwake imesoma ishirini na saba. Hata mlango wa gari hajafungua. Amesaini turudi kwako."

"Basi mrudishe tena kwake. Mwambie nimesema..."

"Sigeuzi."

"Unasemaje?"

"Nimesema sigeuzi, daktari. Shikamoo nakupa kila siku ingawa wewe ni mdogo kwangu, kwa sababu ya kazi yako. Lakini hili gari leo sigeuzi. Nimewazungusha watu kumi na saba humu. Nawahesabu mimi, ninyi hamuwahesabu. Wengine wananiuliza, baba, bado mbali? Nawajibu nini? Nimezima gari. Funguo hii hapa." Akaitia kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo.

Sista Lwivala, aliyekuwa amemsindikiza mgonjwa, alifungua mlango wa nyuma. Glavu zake zilikuwa na damu. "Mwingize thieta," aliniambia. "Ni hatua arobaini. Bado anapumua."

Niliupima umbali kwa macho. Kweli hazikuzidi arobaini. Ila katikati yake kulikuwa na mstari wa njano, na nyuma ya mstari kulikuwa na ishirini na saba kwa mia. Ijumaa ya wiki ile nilikuwa nitangazwe Mkuu wa Upasuaji wa Kanda, cheo kisichopewa mtu wa chini ya mia tisa. Mia tisa kumi na tatu ukitoa sitini, kila mtoto wa darasa la pili anajua jibu.

Ningeweza kusubiri tu. Dakika ishirini nyingine na shida ingeisha yenyewe. Nataka nieleweke vizuri hapa, kwa sababu baadaye watu walinipamba sana: haikuwa huruma. Kwa miaka sita nilikuwa nimepasua ngiri, vidole tumbo na vivimbe visivyo na madhara, kazi ambazo ukimfundisha mpishi wa hoteli atazifanya. Mikono yangu ilikuwa imechoka kudharauliwa na mimi mwenyewe. Nilitaka kujua kama bado ninaweza.

"Lisogeze gari kule kwenye maegesho ya malori ya mbao," nilimwambia Ngailo. "Barabarani kabisa. Nakuja."

Niliingia ndani kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Nikachukua tenga la nguo chafu, nikatia ndani yake kisu, koleo, nyuzi, shashi, nusukaputi na mifuko mitatu ya damu, nikafunika kwa mashuka. Mlangoni Mizani ikaniuliza kwa sauti yake ya mtangazaji wa redio, "Dkt. Nyagawa, unaelekea wapi?"

"Chai," nikasema.

"Chai njema."

Hiyo ndiyo akili iliyokabidhiwa uhai wa taifa.

Ndani ya gari hapakuwa na nafasi ya kunyoosha viwiko. Sista alitoa nusukaputi, akashika puto la kupumulia kwa mkono mmoja na simu yenye tochi kwa mkono wa pili. Ngailo alikaa kwenye usukani, uso mbele, akisali kwa Kibena. Nilipofungua tumbo damu ilijaa hadi kwenye viatu vyangu. Huwezi kuona chochote katika hali ile, unatafuta kwa vidole. Niliingiza mkono chini ya mbavu za kushoto, nikaipata bandama imepasuka vipande viwili, nikaubana mshipa wake kwa kidole gumba na cha shahada, na damu ikasimama. Ikasimama! Nilicheka kwa sauti. Sista alinitazama kama anayemtazama mlevi.

Nilifunga mshipa, nikaikata bandama, nikasafisha, nikaanza kushona. Mshono wangu mimi ni mdogo, wa karibukaribu, na kila fundo linalalia upande wa kulia. Nilijifunza kwa kushona maganda ya ndizi nikiwa mwanafunzi, na nilishinda tuzo. Hata pale, ndani ya gari linalonuka dizeli na damu, sikuharakisha.

Mizani ingesema nini kuhusu nafasi ya mgonjwa ndani ya gari lile? Kumi na tano, labda. Nilijua wakati nashika kisu, na nilijua thieta iko hatua arobaini.

Aliishi. Tulimwingiza getini kama mgonjwa aliyetoka njiani akiwa tayari ameshapasuliwa, mimi nikampokea kwa mshangao mkubwa, Mizani ikasoma themanini na nane kwa mia. Siku ya tisa aliporuhusiwa kwenda nyumbani nilipata nukta zangu mbili. Cheo changu nilikuwa nimeshatangaziwa Ijumaa ile, na keki ilikatwa.

*

Kitu kimoja nilikuwa sijakifikiria. Mizani haivumilii jeraha lisilo na mwenyewe. Jioni ile ile ya upasuaji ilikuwa imeshapeleka taarifa polisi: raia amepasuliwa tumbo na mtu asiyejulikana, mahali pasipo hospitali. Kisheria, hiyo ni kujeruhi kwa kukusudia, miaka kumi na minne. Polisi wakalikagua gari, wakakuta damu sakafuni na kumbukumbu inayoonyesha lilisimama kwa karibu saa mbili kwenye maegesho ya malori. Wakamuuliza Ngailo alikuwa anafanya nini. Akasema yeye alikuwa ameangalia mbele. Wakapekua historia yake, wakagundua kwamba kabla ya udereva alikuwa na bucha pale sokoni. Baada ya hapo hawakuona sababu ya kutafuta zaidi.

Nilimwomba Sista Lwivala tuzungumze nje, ng'ambo ya mstari wa njano.

"Sista, ukisema, na wewe unaondoka. Umetoa nusukaputi barabarani."

"Najua nilichotoa."

"Basi tuache mambo yapoe. Ngailo atapata wakili. Hawana ushahidi wa kutosha..."

"Yuko mahabusu wiki ya tatu, Dkt. Nyagawa. Mke wake anampelekea chakula kwa miguu. Unajua kwa nini hajakutaja? Nilimuuliza. Anasema kati ya madaktari wote, ni wewe wa kwanza kuingia garini kwake ukafanya kitu." Alitema mate pembeni, yeye aliyekuwa hatemi mate hata akiumwa. "Anakuheshimu, masikini. Mimi polisi nimewaambia nitasema mbele ya Baraza la Maadili tu, litakaloisikiliza kesi hii. Nakupa mpaka siku hiyo. Wewe ndiye uliyeshika kisu, kwa hiyo mdomo uanze wako. Ukinyamaza, nasimama mimi."

Nikamwambia nimemwelewa. Nilirudi kwenye ofisi yangu mpya, yenye zulia, na nikaanza kutafuta namna ya kusema ambayo isingeonekana kama kusema. Nilishinda wiki nzima katika kazi hiyo na sikuona aibu.

*

Baraza la Maadili lilikaa Alhamisi saa nne asubuhi, katika ukumbi ambao kuta zake nazo zina Mizani, ili namba za mashahidi zionekane na wananchi wanaofuatilia kwenye simu zao. Mwenyekiti alikuwa wakili mmoja mtu mzima, Mama Msigwa, aliyevaa miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Ngailo aliketi jukwaani kati ya askari wawili, amekonda, shati lake limefungwa vifungo hadi shingoni. Sista Lwivala alikaa mstari wa mbele. Mwalimu Vumilia alikaa pembeni yake, akiwa na mkoba wa shule magotini.

Na mimi niliitwa kama nani? Mtaalamu. Mkuu wa Upasuaji wa Kanda, aje aliambie Baraza jeraha hili ni kazi ya mtu wa namna gani. Kabla yangu alitangulia mtaalamu mwingine, Dkt. Haule.

Picha ya kovu iliwekwa ukutani, kubwa kuliko mlango. Haule alisimama mbele yake na suti yake ya kijivu na Hadhi yake ya 897. Nilielewa vizuri kwa nini alikuwa na haraka ya kumfunga dereva. Kesi ikiishia kwa Ngailo, hakuna atakayeuliza gari lile lilikuwa likitoka wapi na kwenda wapi.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alianza, "kazi hii haikufanywa na mtu aliyesomea. Angalia hapa. Mkato umepinda. Angalia mafundo haya, yamelala upande mmoja, kwa nini? Kwa sababu mshonaji hajui. Mimi nimezaliwa kwa wakulima. Mshono huu ni wa kufungia gunia la viazi. Huyu mama amepona kwa bahati, lakini aliyemshona ni mchinjaji."

Watu waliguna. Mama Msigwa aliandika kitu. Sista Lwivala alikuwa ameshaanza kusimama, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti.

Nilikuwa nimemsikia Ngailo akikohoa usiku na mchana katika mawazo yangu kwa wiki nne, na nilikuwa nimelala. Nilikuwa nimemwona mke wake getini na chombo cha ugali, nikapita njia ya nyuma. Hayo yote sikushindwa kuyameza. Lakini gunia la viazi?

"Haule, wewe mjinga!" nilipiga kelele. "Mkato haukupinda, umezunguka kitovu, kama inavyotakiwa! Na hayo mafundo yanalala kulia ili yasimkwaruze mgonjwa akivaa mkanda! Wewe mwenyewe chuoni ulikuwa unaniomba nikufundishe, ukashindwa! Mshono ule ni wangu! Nimeufanya mimi, kwenye gari, kwa tochi ya simu, na wewe hata kwenye thieta yako yenye taa kumi na mbili hujawahi kushona hivyo!"

Sista Lwivala aliketi tena, taratibu.

Sikujutia pale pale. Ninasema ukweli, nilifurahi. Mama Msigwa alinitaka nirudie, nikarudia, safari hii na majina na saa. Niliwaeleza maegesho, tenga la nguo, kidole gumba kwenye mshipa. Nilieleza vizuri mno. Watu nyuma walianza kupiga makofi. Kwenye simu zao nchi nzima ilikuwa inatazama, na nchi hii inapenda shujaa kuliko inavyopenda maji safi. Beji yangu ikaanza kulia. 915. 921. 934. Mizani, ambayo kwa sheria ilitakiwa kunifutia leseni, ilikuwa ikiyageuza mapenzi ya umma kuwa nukta kwa kasi ambayo haikuiruhusu kuyachuja. Mama Msigwa aliamuru Ngailo afunguliwe pingu, akasema kwamba suala langu la kupasua mtu nje ya hospitali litaangaliwa baadaye, "kwa kuzingatia mazingira ya kipekee." Ngailo alinipa mkono, machozi yanamtoka. Haule alikuwa ametafuta mlango.

Nikawa nimesimama mle katikati, 941 inawaka kifuani, nikifikiri kwamba hata ukweli, ukiusema kwa sauti nzuri, una faida.

Ndipo Mwalimu Vumilia alipoinua mkono, kama wanafunzi wake wanavyofanya.

"Mheshimiwa, naruhusiwa kumuuliza daktari?"

"Uliza, mwalimu," alisema Mama Msigwa.

Alisimama. Bado alikuwa akiegemea upande wa kushoto kidogo. Nilimtayarishia tabasamu. Nilidhani atanishukuru.

"Daktari, asubuhi ile nilikuwa na fahamu. Nilimsikia sista akisema thieta ni tupu. Halafu nikapelekwa safari, nikarudishwa, nikapasuliwa kwenye gari. Nataka kuelewa tu. Tuliporudi getini, thieta ilikuwa imepata mgonjwa mwingine?"

Ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Sista Lwivala naye aligeuka, na kwa mara ya kwanza nikaona macho yake yapo kwenye beji yangu.

Nilipitia majibu yote niliyoyazoea, ya huduma bora na mazingira ya kipekee. Mwalimu alikuwa akisubiri bila hasira, kama anayesubiri mwanafunzi amalize kukokotoa ubaoni.

"Hapana," nikasema. "Ilikuwa tupu."

"Umbali gani kutoka pale?"

"Hatua arobaini."

Aliitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia. Alichukua mkoba wake, akamsaidia Mzee Ngailo kushuka jukwaani, na wote wawili wakatoka nje polepole, kila mmoja akimshikilia mwenzake.